Mfuko wa Shangazi Kaja Nyuma ya Mlango

Ile mifuko mikubwa ya nailoni yenye mirabaraba ya bluu na nyekundu, ambayo kwetu Tanga tunaiita shangazi kaja, hapa Johannesburg ipo kila nyumba. Inapanda mabasi ya kwenda mpakani, inakaa juu ya makabati, inahama na watu waliofukuzwa na wenye nyumba. Wa jengo letu la Bertrams ulikuwa umekufa zipu, ukafungwa kwa utepe wa kitenge, na ndani yake mlikuwa na nguo za mtoto mchanga. Haukuwa wa mtu. Aliuanzisha mama mmoja Mrundi aliyehama kabla mimi sijafika, na toka hapo ukawa unapanda na kushuka ngazi kulingana na nani kajifungua.

Mpaka leo naweza kukutajia kilichokuwemo nikiwa nimefumba macho. Fulana zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama ngozi ya sikio. Nepi za kitambaa zilizokatwa kutoka mataulo ya zamani. Mablanketi, kofia za sufu, soksi zilizopoteza wenzake. Kanga niliyoitia mimi, na kitenge alichokitia shoga yangu wa ghorofa ya kwanza, fundi cherehani kutoka Bukavu. Huyo ndiye alikuwa daktari wa ule mfuko. Mikono ya fulana ikichakaa, anaikata na kuweka mipya kutoka kwenye shati la flaneli la mumewe. Suruali ikitoboka magoti, anaigeuza kaptura. Na kulikuwa na sweta la njano, limefumwa kwa mkono, mikono yake fundi aliirefusha kwa flaneli hiyohiyo, vifungo vyake havifanani hata kimoja kwa sababu kila mama aliyepoteza kifungo aliweka alichokipata. Ukifungua simu za akina mama wa jengo lile utaona watoto tofauti, huyu baba yake anatoka Kongo, huyu Burundi, huyu wangu, wote ndani ya sweta hilohilo. Mwanangu wa kwanza siku hizi amenipita kimo, na nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Nikimwonyesha picha yake na lile sweta anasema eish, Mama, futa hiyo.

Yeye alipozaliwa mume wangu aliununia mfuko. Alikuwa amepata kazi ya ulinzi Randburg, kwenye maduka yale makubwa, na kila siku alikuwa anapita mbele ya madirisha yenye vinguo vya watoto vimepangwa kama keki. Akasema mtoto wake wa kwanza hawezi kuvaa mabaki ya watu. Nikamwambia basi amvalishe risiti. Mtoto mchanga anavimba kila ukigeuka, nguo unayomnunulia leo mwezi ujao utamvalisha mdoli. Alinuna siku hiyo tu. Alipouona ule mzigo umepigwa pasi, umekunjwa, unanukia sabuni na jua, akaupokea, na kesho yake nikamkuta ameshika sweta la njano anahesabu rangi za vifungo.

Mfuko ulikuwa na sheria yake, na msomaji asipoijua hataelewa kilichotupata. Mfuko hauletwi. Unafuatwa. Sababu ni kwamba hakuna mama katika sisi, Mwislamu wala Mkristo, anayetaka nguo za mtoto ziingie ndani kabla mtoto mwenyewe hajaingia. Ni kama kumwita aje haraka, au kujisifu kwa kitu ambacho hujapewa. Kwa hiyo mfuko unakaa palepale ulipo, umefuliwa, umetengenezwa, unangoja. Mtoto akizaliwa salama, nyumba ile inatuma mtu. Anabisha hodi, anakuja na mche wa sabuni ya kufulia alioununua spaza, kiduka cha mtaani, anasema, "Tumeufuata mfuko." Unampa mfuko, unabaki na sabuni. Anayekaa nao haruhusiwi kuupeleka mwenyewe, hata kama mwenye mtoto mchanga yuko mlango wa pili. Ukiupeleka unakuwa kama unautupa, au unamwambia mwenzako kwamba hana uwezo. Tulikuwa wakali kwa jambo hili, na mimi nilikuwa mkali kuliko wote.

Binti yangu alizaliwa mwezi wa Juni. Mume wangu, yuleyule wa risiti, alishuka ghorofa ya kwanza na mche wa sabuni kwa furaha zake, akarudi na mfuko begani anaimba. Shoga yangu alikuwa ameshona nepi nyingine na kuongeza kofia mbili. Nilimvika binti yangu sweta la njano kwa sababu baridi ya Juni huku si ya mchezo, madirisha ya lile jengo yalikuwa na nyufa, na heater yetu ilikuwa moja. Hakufika arobaini. Kilikuwa kifua. Hospitali walijitahidi, sina la kuwalaumu. Zaidi ya hapo siandiki, sitaki.

Majirani walinifaa, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akanielewa vibaya. Fundi aliosha masufuria yangu yote ya matanga na hakuniruhusu kugusa maji. Binti mmoja Mrundi wa ghorofa ya juu, mke wa kijana aliyekuwa akifanya kazi na mume wangu, alikuwa na ujauzito wake wa kwanza, na bado alinipandishia ndoo siku bomba zilipokauka. Walikaa nami. Waliniombea, kila mtu kwa dini yake.

Halafu wakarudi makwao, kama inavyopaswa, na mimi nikabaki na mfuko.

Niliufua wote kwa mikono. Nilijikaza kisabuni kama tunavyosema, nikaloweka, nikasugua, nikasuuza, nikaanika juu ya paa la jengo ambako jua la baridi linakausha upesi. Sweta la njano nililifua peke yake. Nikapiga pasi kila kitu, hata soksi. Nikakunja, nikafunga utepe, nikaanza kungoja. Na nilikuwa najua vizuri ninachongoja. Nilitaka mtu abishe hodi na sabuni yake aseme tumeufuata mfuko, kama walivyokuja kwa kila mama kabla yangu. Ukifuatwa, basi mimi bado ni mama kati ya mama wenzangu, na binti yangu alipita mle kama watoto wengine walivyopita. Usipofuatwa, maana yake nguo zake zinaogopwa, na mimi pia ninaogopwa. Hilo ndilo nililokuwa nimelibeba moyoni, na sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Yule Mrundi akajifungua mwezi wa Septemba, mtoto wa kiume. Nilisikia vigelegele ngazini asubuhi nikiwa nakaanga maandazi. Nilizima jiko. Nikautoa mfuko chumbani, nikauweka nyuma ya mlango wa kuingilia, na kwa kuwa viti vyetu vilikuwa mbali nikaukalia. Ulikuwa mnene, unafaa kukaliwa. Nikakaa pale asubuhi nzima. Baada ya adhuhuri nikasikia mtu anapanda taratibu hadi ghorofa yetu. Nyayo zikafika mlangoni kwetu zikasimama. Nikanyoosha kanga yangu nikajiandaa kuitika hodi. Hodi haikuja. Nyayo zikageuka zikashuka. Nikadhani ni mtu amekosea mlango, nikaendelea kukaa mpaka mume wangu aliporudi kutoka kazini, akausukuma mlango ukanigonga mgongoni. Aliniuliza nimekaa hapo nafanya nini. Nikamwambia nimechoka.

Kesho yake nilipanda paani kuanika. Kwenye kamba ya wale wa juu zilikuwa zimening'inia nguo mpya za mtoto, za maduka ya Wachina, rangi zinang'aa, nyingine bado zina kibandiko cha dukani kwenye kwapa. Nilizitazama moja moja. Moyo ulinishuka, halafu hasira zikanipanda, na mimi hasira zikinipanda huwa nanyamaza. Sikuanika. Nilishuka na beseni langu lenye nguo mbichi nikazitandaza juu ya viti.

Nilikwenda kumtazama mtoto, kwa kuwa kutokwenda kungekuwa aibu. Nilipika uji wa pilipili manga, nikapanda. Fundi wangu alikuwepo, amekaa kitandani miguuni kwa mzazi. Nilipoingia, mazungumzo yalikatika. Yule binti alinisalimia kwa heshima iliyozidi kiasi, shikamoo kubwa kama nimetoka Makka. Mtoto alikuwa amelala ndani ya suti ngumu yenye picha ya dubu. Hakuna aliyeniambia nimpakate, na mimi sikuomba. Hakuna aliyetaja mfuko. Sentensi moja ilikuwa inatosha, mfuko upo kwangu, njooni, na kwa mdomo wangu huu ambao haujawahi kushindwa na mtu, siku ile nilishindwa. Nilisema mtoto kafanana na baba yake, nikashuka.

Toka siku ile nikabadilika. Nilibadilisha saa zangu za kufua nisikutane na mtu. Fundi akibisha, nafungua nusu mlango, najitia nina haraka. Akiniletea vipande vya vitambaa, kama alivyozoea, nasema sina kazi navyo. Alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma yake nikaisoma kuwa ndiyo ushahidi. Wakazaliwa wengine katika jengo, na kila mara ikawa dukani. Vile vinguo vya Wachina ukivifua mara chache vinachanika mishono na rangi yote inabaki kwenye maji. Nikawa naviona kwenye pipa la chini, kinguo juu ya kinguo, na wale vijana wanaopita na mikokoteni kuokota plastiki na makaratasi walikuwa wanavitupa pembeni, kwa vile hata wao havikuwafaa. Jengo lililokuwa halitupi soksi likawa linatupa suruali nzima. Nilikuwa nayaona hayo nikipita, najisemea moyoni, mmeyataka wenyewe. Ni maneno ya ovyo sana kujisemea mtu peke yake ngazini.

Baadaye tulihamia Rosettenville, kwenye nyumba yenye uwanja mdogo na vyumba vya uani vinavyopangishwa. Mfuko nikauchukua. Mume wangu aliniambia niuache kwa fundi. Nikamjibu mfuko hauletwi. Kila mwaka kabla ya baridi niliushusha kutoka juu ya kabati, nikafua kila kitu upya, nikaanika, nikapiga pasi, nikaupandisha tena. Mume wangu alikuwa anakaa mbali siku hiyo. Mwaka mmoja alijaribu kusema tuupeleke msikitini, wapo maskini wengi. Nilimkata jicho, akaenda kukoroga chai. Nikamwambia baadaye, kwa upole, kwamba siwezi kutoa sadaka kitu kisicho changu. Lazima kifuatwe. Akasema, "Na wasipokifuata, mke wangu?" Swali lile lilikaa na mimi miaka.

Mwaka huu, mwezi wa Mei, nilikuwa nimeanika kama kawaida yangu. Chumba cha uani kilikuwa kimepata mpangaji mpya, msichana wa Msumbiji, anauza matunda karibu na robot, yaani taa za magari, ya barabara kubwa. Sikuwa nimemzoea. Alitoka akasimama kwenye kamba yangu, mtoto mgongoni amefungwa kwa taulo la watu wazima, miguu inaning'inia nje imepauka kwa baridi. Alizitazama zile nguo kama mtu anayesoma. Halafu akaja mlangoni, akagonga, akaniuliza kwa Kizulu chake cha kuchanganyachanganya kama zile nguo zina mtoto.

Nikasema hazina.

Akasema, "Basi Mama, naomba."

Sitadanganya, kwanza niliudhika. Hakuwa na sabuni. Hakujua anaomba nini, wala hakujua nani aliyezivaa. Nilitaka kumwambia arudi ndani kwake. Lakini alikuwa amesimama pale hana hili wala lile, ananitazama usoni, na nikatambua kwamba tangu binti yangu afariki hakuna mwanamke aliyenitazama namna ile kwa habari ya zile nguo. Yeye aliona nguo safi na mtoto wake ana baridi. Basi. Nikauchukua mfuko, nikatoka naye uani, tukaanua pamoja tukazitia. Nikamwambia lile blanketi ndilo zito zaidi, zile nepi zikunje mara tatu, hii kofia inabana masikio. Nikamwambia pia, mtoto akikua, fua, shona palipochanika, usitupe. Akaitikia. Sweta la njano nilimvika mtoto mimi mwenyewe. Nikafunga vifungo vyake visivyofanana mpaka cha juu, nikaingia ndani nikalia mpaka kichwa kikauma, na mume wangu alipokuja nilimwambia umefuatwa. Alielewa papo hapo. Alikaa chini na viatu vyake vya kazi akaniuliza nani.

Hazikupita wiki nyingi, Jumamosi moja, nikasikia hodi ninayoijua. Alikuwa fundi wangu wa Bukavu. Amenenepa, amevaa miwani, amepanda kombi mbili kutoka Bertrams, na mkononi ana mfuko wa plastiki wenye miche miwili ya sabuni. Niliiona sabuni kabla sijamwona vizuri yeye. Nilimkaribisha, nikampa kiti.

Akaniambia binti yake mkubwa, yule aliyevaa sweta la njano kabla ya mwanangu, amejifungua. Halafu akasema, "Dada, miaka yote nimeogopa. Leo nimekuja. Kama utakataa utakataa, ila nisife sijauliza. Nimeufuata mfuko."

Nikamuuliza aliogopa nini. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Kukunyang'anya," akasema. "Zile nguo ndizo mtoto wako alivaa. Tulikaa sisi wote wanawake tukaulizana, nani ataenda kumwambia mama amefiwa, tupe nguo za mtoto wako tumvalishe wetu? Ile ya juu, Mrundi, alilia, alikuwa anautaka mfuko wake, alisema kila mtoto wa jengo alivaa, wangu kwa nini asivae. Mimi ndiye nilimkataza. Nilimwambia, mwache, ndicho kitu kimebaki naye. Tukachanga, tukanunua kwa Wachina. Tulingoja wewe useme."

 Nilikuwa nangoja wao wabishe, wao wanangoja mimi niseme, na huku vinguo vipya vinachanika na kwenda pipani. Nikamwambia niliamini wameziogopa. Nikamwambia yote, hasira yangu, masaa yangu ya kufua, nusu ya mlango. Alifunika uso wake kwa mikono miwili. Akasema, "Hapana, dada. Hapana, hapana." Yule Mrundi alikwisha kurudi kwao zamani na mwanawe. Sitampata kumwambia kwamba mfuko ulikuwa wake.

Akauliza basi mfuko uko wapi. Nikamshika mkono nikampeleka dirishani. Uani, msichana wa Msumbiji alikuwa anapanga machungwa yake kwenye kreti, na mtoto amekaa juu ya gunia kwenye jua, na sweta la njano mwilini. Fundi alilitambua kabla sijasema neno. Alitazama mikono aliyoirefusha mwenyewe, ya flaneli ya shati la marehemu mumewe.

"Huyo alijuaje?" akaniuliza.

"Hakujua chochote," nikasema. "Alibisha, akaomba."

 Nikamwambia mtoto yule akikua tutautuma ufike kwa mjukuu wake anayefuata, kama Mungu akipenda, na yeye akatikisa kichwa kukubali, lakini wote tunajua kwamba kule Bertrams siku hizi hakuna anayejua mfuko ni nini, na mjukuu wake ataanza na vya dukani. Akaiweka sabuni yake juu ya meza yangu. Nikamwambia airudishe, sijampa kitu. Akakataa. Akakaa muda anaizungusha ile miche kwenye plastiki yake, kisha akasema bila kuniangalia, "Mara moja nilipanda. Siku ile mtoto wa juu alizaliwa, kabla hatujakaa kuulizana. Nilinunua sabuni, nilifika mpaka kwenye mlango wako. Nikasikiliza, hakuna sauti. Nikasema, amelala, masikini, nisimwamshe."

Nilikuwa sijalala. Nilikuwa nyuma ya ule mlango, nimeukalia mfuko, nimenyoosha kanga yangu.